Namba ya Siri Iliyosemwa kwa Sauti

Kabla simu haijawa mkoba wa pesa, mtu wa Dar es Salaam aliyetaka kujaribu bahati alitoa sarafu mfukoni, akaiweka mezani, akala au akaliwa. Hakuna aliyemuuliza jina, mwaka wa kuzaliwa wala namba ya kitambulisho. Akiliwa, kilicholiwa ni kile alichokiweka tu. Pesa aliyoiacha nyumbani chini ya godoro ilikuwa salama, kwa kuwa mwenye meza hakujua hata kama ipo. Leo kijana wa Mbagala anayeweka mkeka wa kubeti wa shilingi 500 anaacha nyuma yake jina kamili, namba ya simu, kumbukumbu ya kila alichotuma na alichopokea, na mara nyingine, bila kujua, njia ya kuifikia pesa yake yote pamoja na mikopo ambayo bado hajaikopa.

Mabadiliko haya nimeyaona nikiwa upande wa ndani wa kaunta. Mimi ni wakala wa pesa za simu Tandika, wilayani Temeke, kwenye njia inayotoka sokoni kuelekea Mwembeyanga. Nilianza kazi wakati watu bado wananiuliza kama kweli hela waliyonipa mkononi itafika Songea kabla ya basi. Ninachokieleza ni historia ya kazi yetu, na ndani yake kuna jambo ambalo naona halisemwi: wizi unaowaumiza wanaobeti leo haukuanzia kwenye kampuni za kubeti. Ulianzia vibandani, siku zile jiji zima lilipozoeshwa kutaja namba ya siri mbele za watu.

Nilizaliwa Mwananyamala, Kinondoni. Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Urafiki, kile kilichojengwa kwa msaada wa Wachina miaka ya 1960, na kila akipokea mshahara alinunua tiketi ya Bahati Nasibu ya Taifa. Nchi ilikuwa na sheria ya bahati nasibu na michezo ya kubashiri tangu 1967, kisha mwaka 1974 ikapitishwa sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa, kwa hiyo tiketi ile ilikuwa halali, na baba hakuacha kumkumbusha mama kwamba hela ile inarudi kujenga nchi. Mama hakukubali. Kwake kamari ni kamari hata ikipigwa muhuri wa serikali. Tiketi ilikaa ndani ya kopo la majani ya chai juu ya kabati. Ilikuwa na namba, haikuwa na jina. Aliyeishika ndiye mwenye nayo, na ikipotea ilipotea peke yake.

Nje ya sheria kulikuwa na pata potea. Kila aliyekulia Dar anaujua mchezo huo: karata tatu juu ya boksi, mmoja anazichezesha, wenzake wawili watatu wanajifanya wateja na kushinda kwa kelele, hadi mgeni aliyeshuka kwenye basi anaamini na kuingia. Kariakoo ulikuwepo, kwenye vituo vya mabasi ulikuwepo. Polisi wakitokea, boksi linapigwa teke na kila mtu anashika njia yake. Lakini mwizi wa pata potea alikuwa na ukomo mmoja mkubwa. Ilimbidi asimame mbele yako, umwone uso, na aliweza kukuchukulia kile tu ulichokibeba siku ile.

Baadaye zikaja mashine, zile ambazo watoto wa uswahilini waliziita dubwi au bonanza, zikimeza sarafu za shilingi 200 kwenye kona za mitaa na nje ya vilabu vya pombe. Ziliharibu watoto wengi na siwezi kuzitetea. Nazitaja kwa sababu nazo zilidai hela ya kushikika. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ilifuta sheria zile mbili za 1967 na 1974 na kuunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, lakini iliandikwa wakati ambapo hakuna Mtanzania aliyekuwa na akiba ndani ya laini ya simu.

Wakati huo pesa ya kijijini ilikwenda kwa hawala ya posta, kwa benki kwa wachache wenye akaunti, au kwa bahasha aliyokabidhiwa kondakta pale stendi ya Ubungo, imeandikwa jina la mpokeaji kwa kalamu, na ada ya kondakta ikilipwa pembeni. Bahasha nyingine zilifika zimefunguliwa. Nyingine hazikufika. Ndiyo maana mwaka 2008, Vodacom ilipoleta M-Pesa mwaka mmoja baada ya Safaricom kuizindua Kenya, watu wetu hawakuhitaji kubembelezwa sana. Zantel nao walikuwa na Z-Pesa, Zain wakaja na Zap, Tigo Pesa ikaanza 2010. Zain ikageuka Airtel na Zap ikawa Airtel Money. Majina yameendelea kubadilika, hadi mwaka 2024 Tigo Pesa ikaitwa Mixx by Yas, ingawa wateja wangu wengi bado wanasema Tigo Pesa na wataendelea kusema.

Sasa nifike kwenye kaunta yenyewe, maana hapa ndipo penye kiini.

Simu za siku zile nyingi zilikuwa za tochi, zenye kioo kidogo kama kucha ya dole gumba. Wateja wangu wa asubuhi walikuwa akina mama wauza samaki wanaorudi kutoka Feri, wazee wastaafu waliotumiwa hela na watoto wao, na mabinti wa kazi za ndani waliotumwa na matajiri wao. Menyu ikidai namba ya siri, mama ananyoosha mkono na simu yake: "Mwanangu, niwekee wewe, mimi sioni. Ni moja tisa tano nne." Foleni nzima imesikia. Moja tisa tano nne ni mwaka aliozaliwa, na mwaka huohuo umeandikwa kwenye kitambulisho cha mpiga kura alichokilaza juu ya kaunta. Binti wa kazi alikuja na laini ya tajiri wake na namba ya siri ameandikiwa kwenye kipande cha karatasi, karatasi hiyo akaiacha hapohapo. Hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa wamezoea kwamba mambo ya hela yanahitaji mtu wa kukusaidia, kama vile barua ilivyohitaji mtu wa kukusomea, na heshima ya mtaani ni kumwamini anayekusaidia.

Mama aliyenifundisha kazi alinikataza kumbonyezea mteja namba ya siri kuliko mengine yote. Alikuwa akiirudisha simu mkononi mwa mteja, anamwambia, "Shika mwenyewe, mama, mimi naangalia pembeni," kisha anamwelekeza kwa maneno, kitufe kimoja baada ya kingine, akiwa ametazama ukutani. Ilichukua muda. Foleni ilinung'unika, na wengine wakahamia kibanda cha pili ambako kijana aliwabonyezea chapchap. Kamisheni ya wakala inatokana na miamala. Anayechelewesha foleni ili kulinda siri ya mteja anakula kidogo kuliko jirani yake anayewabonyezea. Naona hapo ndipo mpango mzima ulipopinda tangu mwanzo: mawakala walilipwa kwa kasi, hawakulipwa hata senti kwa kufundisha, na walimu wa nchi nzima kuhusu pesa za simu walikuwa ni mawakala.

Halafu kulikuwa na daftari. Kila muamala uliandikwa kwa mkono: tarehe, namba ya simu, kiasi, namba ya kitambulisho, sahihi. Daftari lilikaa wazi, kalamu imefungwa kwa uzi ili isiibiwe. Kalamu ilifungwa, taarifa za watu hazikufungwa. Aliyekuja kusaini aliweza kusoma mistari yote iliyo juu ya wake. Matapeli waligundua mapema sana. Anakuja mtu kutoa elfu tano, anakariri namba moja na kiasi, na nusu saa baadaye mwenye namba anapigiwa: "Samahani mama, hela uliyopokea saa hizi pale Tandika, elfu arobaini, imeingia kwako kwa makosa." Anakijua kiasi, anamjua wakala, anaujua mtaa. Mama gani asingeamini? Baadaye ikaja meseji ambayo kila Mtanzania ameipokea, ile isemayo hela tuma kwenye namba hii. Inatumwa kwa watu wengi bila kuchagua, na miongoni mwao hakosekani mmoja ambaye kweli dakika ile alikuwa amekaa anasubiri namba ya kumtumia mtu hela. Taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu, lakini wanaopoteza hela wapo hapa mjini mtaani kwangu.

Kabla ya kubeti, kilichowafundisha watu kulipa kampuni kwa simu ni umeme. LUKU, umeme wa kulipia kabla, ndiyo iliyomfanya baba wa Yombo ajue maana ya namba ya kampuni na kumbukumbu namba. Alipoweza kununua yuniti saa nne usiku bila kutoka kitandani, njia ilikuwa imeshachimbwa, na maji mengine yakafuata mkondo huo.

Kubeti kwenyewe kuliingia kama karatasi. Katika maduka ya Temeke, Manzese na Mwenge, vijana walichagua mechi, wakalipa taslimu, wakaondoka na risiti ndefu, na risiti hiyo ndiyo mkeka. Jumamosi jioni walikwenda na mikeka yao kwenye kibanda umiza, mabenchi yamebanana, joto, feni moja, Arsenal na Chelsea kwenye runinga, na mtu mmoja akisonya dakika ya 90 kwa sababu timu ya sita kati ya sita imemwangusha. Mkeka umechanika. Karatasi ile, kama tiketi ya baba, haikuwa na jina la mtu.

Mwaka 2017 ndio uliogeuza kila kitu. Biko ilikuja, Tatu Mzuka ikaja, michezo ambayo uliicheza kwa kutuma hela kwa simu tu, na namba za kampuni zikasomwa redioni hadi watoto wa shule wakazikariri. Mei mwaka huo kampuni ya kubeti ya SportPesa iliingia na kusaini udhamini na Simba na Yanga, vilabu viwili vinavyogawa kila nyumba ya jiji hili. Juni yakachezwa mashindano ya SportPesa Super Cup katika Uwanja wa Uhuru, Gor Mahia ya Kenya ikayachukua. Tarehe 13 Julai Everton ya Uingereza, yenye jina la SportPesa kifuani, ikacheza na Gor Mahia katika Uwanja wa Taifa, hapahapa Temeke. Wayne Rooney, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi Everton, alifunga kwa shuti la mbali na mchezo ukaisha 2–1. Siku ile njia ya kwenda uwanjani ilijaa vijana wa Tandika, Keko na Chang'ombe, na wengi walipita kibandani kwangu kuweka hela kwenye simu kabla ya kupita getini. Mwaka huohuo kazi ya kukusanya kodi ya michezo hii ilihamia Mamlaka ya Mapato (TRA). Januari 2019 Bodi ilisimamisha matangazo ya kubeti, lakini wakati huo watu walikuwa wameshazoea.

Hapo kazi yangu ikabadilika sura. Zamani mtaa huu ulikuja kutoa. Sasa vijana wanakuja kuweka, na wanaweka kidogokidogo: "Dada, niwekee jero." "Mama, buku tu." Wote ni jero na buku, yaani mia tano na elfu moja. Mwanzoni sikuona hatari, kwa kuwa njia yenyewe, ukiichunguza, imejengwa vizuri. Unapiga *150*00# au menyu ya mtandao wako, unaandika namba ya kampuni, kumbukumbu namba na kiasi, jina la kampuni linatokea, ndipo unaweka namba ya siri. Namba ya siri inaishia kwa kampuni ya simu. Kampuni ya kubeti inapokea hela na namba yako, basi. Siku hizi kuna njia ya pili: unaandika namba yako ya simu kwenye ukurasa wa kubeti, na ombi la malipo linaibuka lenyewe juu ya kioo cha simu likitaja jina la kampuni na kiasi. Hata hapo, namba ya siri unaiweka kwenye menyu ya mtandao wa simu. Ukurasa wa intaneti unaokutaka uandike namba ya siri ya M-Pesa ndani yake ni wa mwizi, hata uwe na nembo gani.

Tatizo ni mazoea. Akaunti ya kubeti nayo inataka nywila. Jina la kuingilia ni namba ya simu, na sehemu nyingi tarakimu nne zinatosha. Kijana aliyekulia akimwona mama yake akitaja tarakimu nne kwa sauti, na ambaye ana seti moja tu ya tarakimu nne kichwani kwa ajili ya kila kitu, anaweka zilezile. Nimewauliza wengi hapa kibandani wakisubiri nipate floti, yaani salio la kuwahudumia, na wamenijibu kwa uwazi kabisa kwamba ni zilezile. Kisha anampa rafiki yake akaunti amwekee mkeka kwa sababu bando limeisha. Kisha anajiunga na kundi la Telegram la mechi za uhakika, au anapakua programu inayojidai kutabiri Aviator, mchezo ambao vijana wanauita kindege, na programu hiyo inamwomba namba ya simu, nywila ya akaunti na ruhusa ya kusoma meseji zake. Hakuna programu inayoweza kutabiri kindege. Kinachoweza kufanyika ni kusoma meseji za uthibitisho zinazoingia kwenye simu yake.

Kijana mmoja wa bodaboda, jirani yetu, alinijia akiwa amekauka midomo. Alikuwa amepigiwa na mtu mwenye sauti ya kistaarabu aliyejitambulisha kuwa ni huduma kwa wateja wa kampuni anayobetia. Alitaja jina lake kamili, akataja na mkeka aliouweka juzi yake. "Kaka, ushindi wako umekwama, tunahitaji kuthibitisha." Akamwomba amsomee tarakimu zilizoingia kwa meseji, kisha "ile namba yako ya siri ili zilingane." Alisema zote mbili kwa sauti, amesimama kijiweni, wenzake wanasikia. Upande wa pili ilikuwa inafunguliwa programu ya pesa za simu kwenye simu nyingine, kwa laini yake. Iliondoka hesabu ya siku aliyopaswa kumpelekea mwenye pikipiki, ikaondoka marejesho ya mkopo wa kikundi cha mkewe, na mwizi akakopa juu yake. Huduma za kukopa kwa simu, ambazo zilianza kwetu na M-Pawa mwaka 2014 na kufuatiwa na Songesha na nyinginezo, zimewaokoa wengi siku ya msiba na siku ya ada, lakini zimefanya namba ya siri iwe na thamani kuliko salio lililomo. Zamani aliyekupora alikuchukulia ulichonacho. Huyu alimchukulia hadi cha mwezi unaokuja.

Jambo lililonikosesha usingizi ni mkeka wa juzi. Mwizi aliujuaje? Huenda ni ile programu, huenda ni rafiki, huenda taarifa zilitoka mahali pengine kabisa. Majirani zetu wameliona hili kwa ukubwa wake. Juni 2019 kesi ilifunguliwa Nairobi ikidai kwamba taarifa za wateja milioni 11.5 wa Safaricom waliowahi kubeti zilikuwa zimetoka nje: majina, namba za simu, namba za vitambulisho, hata kiasi walichocheza. Mwezi uliofuata bodi ya Kenya ya leseni za kubeti iligoma kuhuisha leseni za kampuni 27 na kuitaka Safaricom ifunge namba zao za malipo, na waliokuwa na salio ndani ya akaunti hizo wakaanza kukimbizana kulitoa. Uganda, Oktoba 2020, wezi hawakumgusa mteja hata mmoja. Waliingia kwenye mfumo wa Pegasus Technologies, kampuni ya kati iliyounganisha MTN, Airtel na benki ya Stanbic, wakavuna kwa kutumia laini za simu takriban 2,000, na kutuma hela kati ya benki na simu kukasimama kwa muda.

Na sisi tuna kampuni za kati. Selcom na MaxMalipo ni majina ambayo kila wakala anayajua. Sisemi zina kasoro. Nasema kijana wa Buza anayebonyeza jero anadhani kuna watu wawili tu kwenye muamala wake, yeye na kampuni ya kubeti, kumbe wapo watatu au wanne, na kila mmoja amebaki na kipande cha taarifa zake.

Serikali ilijaribu kufunga mlango kwa kutumia vidole. Usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ulianza Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020 baada ya muda kuongezwa. Tuliokuwa kazini tunakumbuka foleni zile, akina mama wenye vidole vilivyosuguliwa na miaka ya kufua hadi mashine haivisomi. Lakini na hapo mwanya ulipatikana. Wapo waliosajili chini ya miavuli barabarani waliomwambia mteja, "Dole halijasoma, mama, weka tena," na dole la pili likasajili laini ya mtu mwingine. Laini hizo ndizo zinazopiga simu za ushindi uliokwama. Ndizo pia anazofungulia akaunti ya kubeti mtoto wa miaka 15, ilhali sheria inataka miaka 18. Bibi wa Kawe anaweza kuwa mwenye laini ya tapeli, kwa jina lake halali, bila kuijua.

Kwenye karatasi hatuko uchi. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ipo Sheria ya Mifumo ya Malipo ya mwaka huohuo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Aprili 2024. Sheria hii inampa mteja haki ya kuuliza taarifa zake zinatunzwa na nani na kwa sababu gani. Kibandani kwangu sijawahi kumsikia mteja akiitaja. Daftari la mkono limepungua sana, na hilo ni jema, lakini mama bado ananyoosha mkono na simu yake: "Niwekee, mwanangu." Narudisha simu. Naangalia ukutani.

Nina ombi kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Orodha ya kampuni zenye leseni ipo kwenye tovuti yenu. Ichapeni kwa Kiswahili na herufi kubwa, ibandikwe kwenye kila kibanda cha wakala, kila duka la kubeti na kila kibanda umiza, pamoja na namba halisi ya malipo ya kila moja, maana wasio na leseni wanapokea hela kwa namba za watu binafsi kupitia WhatsApp na mteja hana pa kulinganishia. Kampuni za kubeti, kataeni nywila ya tarakimu nne. Kampuni za simu, mlipeni wakala anayemfundisha mteja kubonyeza mwenyewe. Nawe unayesoma, piga *106# leo uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako, na usiyoitambua nenda kaifute. Badilisha nywila ya kubeti isifanane na namba ya siri. Meseji ya kitapeli itume 15040. Mtu akijitambulisha kuwa anatoka kampuni ya simu na namba iliyokupigia si 100, kata.